Mtihani, Cheti na Amana

Kila mtihani una maswali ya namna mbili. Ya namna ya kwanza huandikwa na mtahini, na majibu yake hupewa alama. Swali la namna ya pili haliandikwi po pote, wala hakuna mtahini awezaye kulisahihisha: mtu huyu aliyejibu, je, anajua? Aghalabu majibu hayo mawili hufuatana, na kwa sababu hiyo ulimwengu umezoea kuyahesabu kuwa jambo moja. Lakini yaweza kuachana. Yakiachana, huonekana mtu mwenye cheti asiye na ujuzi, na mwenziwe mwenye ujuzi asiye na cheti. Wa kwanza hupewa kazi, wa pili hurudishwa mlangoni. Ni fani chache ambazo maachano hayo huleta madhara kama yaletwayo katika fani ya mitandao ya kompyuta. Nazo wilaya za Karagwe na Kyerwa, katika mkoa wa Kagera, ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili, kwa kuwa huko fani hiyo ni ngeni bado, hali swali lenyewe ni la kale.

Mtihani mmoja wa Karagwe uliandikwa habari zake zaidi ya miaka 150 iliyopita. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, akakaa hata Januari 1862. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 alisimulia jinsi mwenyeji wake alivyokirithi kiti cha baba yake, Ndagara. Watoto watatu wa kiume walikitaka kiti hicho. Wakuu wa nchi wakaweka mbele yao ngoma ndogo. Kwa uzito wake wa kweli ngoma hiyo ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini ilikuwa imetiwa dawa, hata ikawa nzito isiyoinulika mbele ya mtu asiyestahili. Rumanyika peke yake aliiinua, tena kwa kidole kidogo.

Masimulizi hayo yana ndoto ya kila mtahini aliyepata kuishi. Ngoma ile ni kipimo kisichodanganyika. Haikuweza kukaririwa, wala kununuliwa, wala kuibwa usiku kabla ya siku yenyewe. Haikuuliza mtu ajua maneno gani. Ilimpima mtu mwenyewe. Lakini Speke aliandika vilevile kwamba mambo hayakuishia hapo. Mmoja wa ndugu hao, Rogero, hakuyakubali matokeo, ikawa vita, na Rumanyika alihitaji msaada wa watu wa nje kuushinda uadui wa nduguye. Kwa hiyo hata kipimo kilichoaminiwa kuwa hakikosei hakikumaliza kazi. Alama ya kustahili ni kitu kimoja, na kustahili kwenyewe, siku baada ya siku, mbele ya watu wenye shaka, ni kitu kingine.

Mhunzi wa zamani alikuwa na mtihani mwepesi kuelezeka kuliko wa mfalme. Nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria zilijua kuyeyusha chuma tangu kale sana. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza katika jarida la Science kwamba wahenga wa Wahaya walipata pua, yaani chuma chenye kaboni, katika matanuri yaliyopulizwa hewa iliyokwisha kupashwa moto, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee waliokuwa wameifanya kazi hiyo ujanani walilijenga tanuri upya kwa kumbukumbu zao, wakayeyusha chuma huku watafiti wakitazama. Hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Tanuri lenyewe lilikuwa shahidi wao.

Tena mhunzi na mnunuzi wa jembe waliishi karibu. Jembe lililofuliwa vibaya hupinda katika msimu wa kwanza, na mwenye kulipinda hujua nyumba ya aliyelifua. Mtihani, malipo na matokeo vilikaa mahali pamoja, mbele ya macho ya watu wale wale. Katika hali hiyo hapakuwa na nafasi kubwa ya kutenganisha sifa na ujuzi. Mtu aliweza kuyakariri maneno ya wahunzi wote wa nchi, lakini hakuweza kulikariri jembe.

Kazi ya fundi wa mitandao haina bahati hiyo, kwa sababu haionekani. Mganga asomaye majibu ya maabara katika kompyuta, karani wa chama cha msingi apelekaye hesabu za kahawa, mwalimu wa Kayanga atumaye orodha ya watahiniwa, na wakala wa fedha za simu pale Omurushaka au Nkwenda, wote huitegemea kazi ya mtu wasioweza kuipima. Mnunuzi wa jembe huligonga kwa ukucha akalisikiliza. Mkuu wa shule anunuaye mtandao hugonga nini? Haoni ila visanduku vyenye taa ndogo, na taa huwaka vizuri katika kazi njema na katika kazi mbovu pia. Ndipo anapohitajiwa shahidi wa tatu, mtu wa mbali asemaye: huyu nimempima, mwaminini. Ushahidi huo ukiandikwa huitwa cheti.

Hapa ndipo maadili yote ya mtihani huu yanapoanzia. Cheti ni neno linalosemwa kwa mtu asiyeweza kulihakikisha. Neno la namna hiyo, kama likiwa la uongo, huwa na ubaya kuliko uongo wa kawaida, kwa kuwa aliyeambiwa hakuwa na njia ya kujikinga.

Katika vyeti vya fani hii, kimoja kijulikanacho sana ni kile cha kampuni ya Cisco ya Marekani kiitwacho kwa kifupi CCNA, kilichoanzishwa mwaka 1998. Mtihani wake wa sasa, ulioanza kutumika Februari 2020, huchukua dakika 120. Robo yake ni juu ya kuunganisha mitandao na kuelekeza njia za habari. Misingi ya mitandao huchukua sehemu 20 katika 100, na namna vyombo vinavyoingizwa katika mtandao sehemu nyingine 20. Usalama huchukua 15, na sehemu 20 zilizobaki hugawanywa sawa baina ya huduma za mtandao na kuiendesha mitambo kwa programu. Ada yake ni dola 300 za Marekani, kodi mbali. Juu yake kipo cheti cha mabingwa, CCIE, kilichoanza mwaka 1993, ambacho mtahiniwa wake hukaa saa 8 mbele ya mitambo akitenda kazi. Mtihani huo wa juu umekaribia tanuri la mhunzi. Ule wa chini hukaa katikati ya tanuri na karatasi, kwa kuwa humo mna maswali ya kuchagua jibu na mna pia kazi za kuigiza ambazo mtahiniwa huitengeneza mitambo katika kioo cha kompyuta.

Ugumu wa mtihani huo ni wa namna gani? Mfano mmoja watosha. Kila chombo katika mtandao hupewa anwani. Kwa utaratibu wa zamani ambao ungali ukitumika po pote, anwani ni namba ya biti 32, iandikwayo kwa mafungu manne. Mafungu ya anwani hizo hugawanywa, na kugawanya huko ndiko kunakowatoa jasho wanafunzi. Mtoto wa Karagwe, hata hivyo, hakosi mfano wa kumsaidia, kwa sababu ameona kibanja kikigawanywa. Mzee mwenye kibanja cha migomba huwagawia wanawe wanne. Kila mmoja hupata sehemu yake, na mipaka hupandwa miti. Ardhi ya mipaka haizai ndizi, lakini bila mipaka hakuna amani.

Mtandao wa shule wenye anwani 256, kuanzia 192.168.10.0 hata 192.168.10.255, hugawanywa vivyo hivyo: sehemu ya walimu, ya maabara, ya maktaba, na ya ofisi ya fedha. Kila sehemu hupata anwani 64. Lakini ni 62 tu zinazoweza kupewa vyombo, kwa maana ya kwanza ni jina la sehemu yenyewe, na ya mwisho ni ya kuwaita wote kwa pamoja. Hizo mbili ndizo miti ya mpaka. Sehemu ya pili huanza katika 64 na kuishia katika 127, na anayejua sababu yake ataweza kugawa sehemu nane, au kumi na sita, au sehemu zisizolingana, bila ya kuambiwa. Asiyejua sababu, akakariri kwamba jibu ni 62, amebeba ndizi moja akidhani amerithi shamba.

Maandalio ya mtihani huu huchukua miezi mingi kwa mtu mwenye kazi nyingine. Huko Karagwe na Kyerwa maandalio yana uzito wa ziada. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, na kukatika kwake kuliwafundisha watu kutotegemea taa ya usiku. Si ajabu kwamba mapema katika miaka ya 1990 chama cha maendeleo cha KARADEA kilianzisha huko Karagwe chuo cha kufundisha mafundi wa umeme wa jua. Palipo na giza, ufundi wa mwanga hupata wanafunzi. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imepakana na Uganda na Rwanda, na mpakani simu ya mtu huweza kushika mawimbi ya nchi jirani akiwa amekaa nyumbani kwake. Vitabu ni vya Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza. Kiswahili hakimo katika lugha zake. Tangu mwaka 2020 mtahiniwa huruhusiwa kuufanya mtihani nyumbani, peke yake chumbani, akitazamwa kwa kamera. Lakini mtandao ukikatika, na mtihani hukatika. Kwa hiyo yule anayetahiniwa juu ya mitandao huwa mateka wa mtandao asioujenga yeye. Asiyetaka hatari hiyo hana budi kusafiri. Na kutoka Kayanga hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja.

Na afikiriwe kijana mmoja katika hali hiyo. Amemaliza chuo, amerudi nyumbani, amepata kibarua cha kutengeneza kompyuta katika duka dogo. Mama yake ameuza kahawa ya msimu mzima ili ada ya mtihani ipatikane. Kila alfajiri, kabla ya duka kufunguliwa, hujifunza kwa programu ya mazoezi ambayo Cisco huitoa bila malipo, akijenga mitandao ya bandia na kuibomoa. Baada ya miezi minne bado hajiamini. Ndipo mtu mmoja anapomwambia kwamba maswali yenyewe yanauzwa. Watu waliofanya mtihani huyakusanya maswali wakayatoa nje kwa siri, na bei yao si kubwa. Akiyakariri kwa wiki mbili atafaulu. Afanye nini?

Jibu la haraka ni kwamba asiyanunue kwa kuwa ni wizi, na jibu hilo ni kweli. Kila mtahiniwa, kabla ya kufunguliwa maswali, huahidi kwamba hatayatoa nje. Basi muuzaji amevunja ahadi, na mnunuzi anakula kitu kilichopatikana kwa ahadi iliyovunjwa. Kampuni yenyewe huweza kukifuta cheti cha mtu aliyegunduliwa. Lakini jibu la haraka halimtoshi kijana huyu, maana anazo hoja tatu, nazo si za kudharauliwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba mlango wenyewe si wa haki. Umejengwa mbali, na watu wasioijua Kyerwa. Bei yake ni ile ile kwa mtoto wa tajiri wa California na kwa mtoto wa mkulima wa Kaisho. Lugha yake ni ya wengine. Ni dhambi gani kuupitia dirishani mlango uliofungwa kwa dhuluma?

Hoja ya pili ni kwamba shule nzima imejengwa juu ya kukariri. Tangu darasa la kwanza mtoto hupewa mitihani ya miaka iliyopita aifanyie mazoezi, na mwalimu humsifu. Mpaka uko wapi baina ya swali la mwaka jana, ambalo ni halali, na swali la mwaka huu, ambalo ni haramu?

Hoja ya tatu ni kwamba ujuzi wa kweli hupatikana kazini. Cheti ni ufunguo tu. Aingie kwanza, atajifunza akiwa ndani.

Hoja ya pili ndiyo nyepesi kujibiwa, ijapokuwa wengi huiona kuwa ndiyo ngumu. Mtihani wa mwaka uliopita umetolewa na mwenyewe, na kazi yake ya kupima imekwisha; uliobaki ni mazoezi. Swali lililoibwa lingali likipima watu, na kila anayelijua mapema huliua mikononi mwa mtahini. Tena mtu aweza kujichunguza mwenyewe kwa swali jepesi: yale ninayoyasoma yananiandaa kwa swali nisilolijua, au yananiepusha nalo? Mazoezi humwandaa mtu kwa asiyoyajua. Maswali ya wizi humwepusha nayo. Alama za mwisho zaweza kuwa sawasawa, lakini watu wawili waliozipata hawafanani hata kidogo.

Hoja ya tatu hujibiwa na kazi yenyewe. Na ichukuliwe hospitali ya wilaya yo yote ambayo kumbukumbu za wagonjwa, dawa na malipo hukaa katika mfumo wa kompyuta, kama ule wa GoT-HoMIS utumiwao katika hospitali za serikali. Siku moja mfanyakazi, akitaka kupanga vizuri meza yake, huuona waya ambao ncha yake moja imelala chini, akaichomeka katika tundu lililo wazi. Hakujua kwamba ncha ya pili imekwisha kuchomekwa katika kisanduku kile kile. Kwa tendo hilo dogo amefanya kitanzi. Ujumbe wa kuwaita wote huingia katika kitanzi, ukazunguka, ukazaliana, na kuzunguka tena. Barua zinazokwenda kutoka mtandao mmoja hata mwingine hubeba hesabu ya hatua, na kila ruta hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri barua hufa. Lakini katika ngazi ya chini, ndani ya swichi, ujumbe hauna hesabu hiyo. Haufi. Kwa muda mfupi kupita kiasi mtandao wote hujaa ujumbe usio na mwisho. Kompyuta ya dawa husimama, ya maabara husimama, ya mapokezi husimama, na wagonjwa husimama mstarini.

Dawa ya ugonjwa huo ipo. Mwaka 1985 Radia Perlman alibuni itifaki iliyopewa jina la mti, ambayo huzifanya swichi zipatane kufunga njia za ziada ili kitanzi kisiwepo, kwa kuwa matawi ya mti hayarudi kuungana. Swichi za bei ndogo hazina itifaki hiyo, na hata zilizo nayo fundi asiyejua huweza kuizima. Sasa, katika maswali yauzwayo kwa siri hapana budi limo swali: itifaki gani huzuia vitanzi? Aliyekariri hulijibu kwa haraka, akapata alama yake. Lakini siku ile hospitalini hakuna aulizaye swali hilo. Hakuna majibu manne ya kuchaguliwa. Kuna taa zote za swichi zinazopepesa kwa pamoja kama zina wazimu, na muuguzi asemaye kwamba mtandao umekufa. Anayejua kwa nini ujumbe haufi atazitazama taa hizo, ataanza kuchomoa waya mmoja mmoja, na baada ya muda mfupi atamwita mwenye meza. Aliyekariri ataiwasha upya mitambo yote, na kitanzi kitakuwa kikimngoja.

Kusema kwamba atajifunza kazini ni kusema kweli kwa nusu tu. Atajifunza, lakini ada ya somo hilo italipwa na nani? Mama aliyeuza kahawa alilipa dola 300 kwa hiari yake. Mgonjwa aliye mstarini hakuulizwa. Kila fundi hujifunza kwa kukosea, wala hakuna lawama katika kukosea huko, maadamu wale waliompa kazi walijua kwamba wamempa mwanafunzi. Cheti cha uongo huwanyima kujua. Hapo ndipo dhambi ilipo, wala si katika ujinga wenyewe.

Imebaki hoja ya kwanza, ambayo ni nzito kuliko zote. Ni kweli kwamba mlango huu umejengwa mbali, na bei yake haikumfikiria mkulima. Asemaye kwamba ugumu huo ni sawa kwa watu wote hajapata kuhesabu dola 300 kwa debe za kahawa. Dhuluma hiyo yafaa kusemwa wazi, na wenye uwezo wa kuiondoa yafaa waulizwe: vyuo viwezavyo kuomba punguzo kwa wanafunzi wao, waajiri wawezao kulipa ada ya mtu wamjuaye, na wataalamu wa lugha wawezao kuandika vitabu vya fani hii kwa Kiswahili safi.

Lakini kupita dirishani hakuufungui mlango. Hata huufunga zaidi, kwa wale wale waliodhulumiwa. Mwajiri wa Dar es Salaam au Mwanza akipata mafundi wawili wa namna hiyo kutoka sehemu moja, hatasema kwamba mtihani ulikuwa wa dhuluma. Atasema kwamba vyeti vya watu wa kule havina maana. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mtoto wa tajiri ana mashahidi wengine wa kumsemea: jina la baba, shule aliyosoma, rafiki wa mjomba. Mtoto wa mkulima wa Kaisho pengine hana shahidi mwingine ila cheti hicho. Basi anayekichafua cheti amechafua mali ya maskini. Mtu aliyedhulumiwa ana haki ya kumdai aliyemdhulumu; hana haki ya kumnyang'anya jirani yake aliyedhulumiwa pamoja naye.

Yako mambo mawili zaidi yasiyosemwa mara nyingi. La kwanza ni juu ya anayeshindwa kwa uaminifu. Jamii humhesabu kuwa amepoteza fedha na muda. Lakini mtihani huu humpa kila mtahiniwa karatasi inayoonyesha amefanyaje katika kila sehemu, na baada ya siku tano aweza kurudia, kama ada ikipatikana. Aliyeshindwa kwa uaminifu amenunua ramani ya ujinga wake mwenyewe, na ramani hiyo haipatikani kwa bei nyingine. Tena miezi minne ya alfajiri haijapotea: ujuzi wa kugawa anwani haumtoki mtu kwa sababu alama zake hazikutosha. Yeye ana kitu kisicho na jina. Mwenziwe aliyefaulu kwa hila ana jina lisilo na kitu. Kwa muda, pengine kwa muda mrefu, ulimwengu utamthamini wa pili. Hilo ni chungu, wala si haki kumficha kijana uchungu huo kwa maneno matamu. Mama aliyeuza kahawa ataumia kweli. Lakini kuna maumivu ambayo mtu huweza kuyaeleza mezani mbele ya mama yake, na yako mengine asiyoweza kuyaeleza maisha yake yote.

La pili ni juu ya anayefaulu kwa uaminifu. Huyu naye huweza kukosea, kwa kudhani kwamba cheti ni mali yake. Si mali, ni amana. Waliotunga cheti cha CCNA walikipa umri wa miaka mitatu. Ukipita bila kujithibitisha upya, hufa. Wengi huilaumu sheria hiyo kuwa ni tamaa ya fedha, na pengine fedha imo. Lakini imo hekima pia: shahidi aliyekuona miaka mingi iliyopita si shahidi wa leo. Ngoma ya Rumanyika iliinuliwa mara moja, na bado Rogero alikuwa nje akingoja.

Amana hiyo hudai ukweli, hata pale ukweli haumletei mtu sifa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi jirani. Siku ya namna hiyo hakuna fundi wa Karagwe awezaye kuurudisha mtandao. Fundi wa uongo hupata nafasi ya kuchukua fedha kwa kutengeneza kisichoharibika kwake. Fundi wa kweli hupima hatua kwa hatua, waya wa nyumbani, ruta ya ofisi, njia ya kampuni ya simu, mpaka aone mahali palipokufa, kisha humwambia mteja: hapa pako pazima, ubovu uko baharini, usinilipe. Neno hilo halimo katika maswali ya mtihani wo wote. Lakini hakuna awezaye kulisema kwa uhakika asipokuwa amejifunza yale ambayo mtihani ulitaka kuyapima, na hakuna atakayelisema kwa uaminifu kama aliuingia ufundi wake kwa hila.

Kwa hiyo swali la pili la mtihani, lile lisiloandikwa, lina watahini baada ya yote. Ni muuguzi, karani, mwalimu na wakala, watu wasiojua jina la itifaki hata moja. Hawawezi kuhakikisha neno la fundi siku analolisema, lakini huishi na matokeo ya kazi yake kwa miaka, wala hawatoi alama kwa kukariri. Mwenye kujiandaa kwa mtihani wa dakika 120 na ajiandae kwa ajili yao. Akifanya hivyo, akifaulu, karatasi yake itakuwa inasema kweli kwa watu wasio na njia ya kuihakikisha. Na akishindwa, ataendelea kujifunza alfajiri, akiwa hana deni kwa mtu ye yote ila la kahawa ya mama yake, ambalo ni deni la halali na hulipika.